Majirani wa Mtaa: kituo cha watoto

Mjumbe: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni nyote. Nimetumwa na kamati ya kile kituo cha watoto wenye ulemavu, nyuma ya msikiti. Mfadhili aliyekuwa anatoa hela ya uji na pampasi mkataba wake umeisha. Kituo hakifungwi, ila mwezi ujao jiko halina kitu. Naomba mawazo.

Mangi wa Kona: Shikamoo Mjumbe. Niseme ukweli hata nikionekana mbaya. Wiki hii dukani zimeingia bahasha ya send-off, ya msiba na ya timu ya vijana. Kila mtu anaanza na "Mangi wewe una duka". Jamani hilo duka lina mkopo!

Mjumbe: Marahaba Mangi. Nakuelewa.

Dada wa Saluni: Mimi naona tuandae tamasha kabisa. Fulana, keki, mgeni rasmi awe diwani, tupige picha na watoto turushe mitandaoni. Watu wakiona ndiyo wanatoa.

Mama Nuru: Mdogo wangu, wazo la kuwaita watu ni zuri. Ila fulana tutadaiwa na mchapaji kabla hatujauza hata moja, na keki ataikata mgeni rasmi. Picha za watoto ndiyo kabisa, hapana. Kuna mama pale alipigwa picha na mwanae na watu waliokuja kugawa msaada, ikazunguka mpaka ikafika kwa wakwe zake. Mpaka leo akiona mtu ameinua simu anamfunika mtoto kanga usoni. Hata kama huyo mtu anatafuta mtandao tu.

Dada wa Saluni: Duh. Hilo sikulijua dada. Basi nafuta.

Mama Nuru: Usifute yote, tutakuhitaji. Mangi, mimi sikuletei bahasha.

Mangi wa Kona: Nakusikiliza, ila kukopesha sikopeshi 😄

Mama Nuru: Nataka sukari kilo mbili kila Jumamosi. Usinipe mfuko mzima leo halafu kimya mpaka Krismasi. Watoto wanakunywa uji kila siku saa nne. Na ile mifuko ya unga inayopasuka ukishusha mzigo, badala ya kuuza kwa hasara, utupe sisi.

Ustaadhi: Mama Nuru umegusa penyewe. Ramadhani makampuni yanaleta futari, mchele unajaa stoo mpaka panya wananeemeka. Ikipita Idi, hata chumvi hakuna. Msikitini tutatenga sanduku la Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi.

Baba Zawadi Hadiwea: Samahani, mimi nina swali. Nani anashika hela? Mwaka ule wa mafuriko tulichanga humu humu, tukaambiwa magodoro yako njiani. Yatakuwa yanatembea kwa miguu, maana hayajafika mpaka leo.

Kaka wa Kijiwe: 😂😂 Baba Zawadi!

Mjumbe: Swali halali. Kwangu haipiti hata mia. Kituo kina lipa namba yenye jina la kituo, siyo jina la mtu. Ukilipa, jina likija la mtu binafsi, sitisha. Benki wanasaini wawili, na mmoja ni mzazi. Cheti cha Msajili wa NGO na leseni ya Ustawi wa Jamii vimebandikwa ukutani, nenda ukasome mwenyewe.

Baba Zawadi Hadiwea: Cheti hakipiki uji, Mjumbe. Nataka risiti.

Kijana wa Stationari: Wazee wangu, mimi fotokopi bure. Kila mwezi waniletee risiti na daftari la matumizi, natoa nakala, tunabandika kwa Mangi, kwangu na ofisi ya mtaa. Asiye na simu naye aone.

Baba Zawadi Hadiwea: Hapo sawa. Halafu nilisikia ukitoa msaada TRA wanakupunguzia kodi?

Kijana wa Stationari: Ipo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Mchango kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa na TRA unatolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato ya biashara. Ila ni kwa wanaoandaa hesabu. Mwenye mauzo chini ya milioni 100 kwa mwaka anayelipa kodi ya makadirio hapati kitu.

Mangi wa Kona: Yaani sisi wote humu 🤣

Mama Nuru: Tusidanganyane, kodi hatupunguziwi. Faida ya mtaa iko kwingine, na Bibi anaijua kuliko mimi.

Bibi wa Mwembeni: Naandika mimi mjukuu, bibi anasema: Yule mama wa vitumbua zamani alikuwa hana biashara. Mwanae ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, hakai wala hasimami. Alikuwa anambeba mgongoni mpaka kituo cha mwendokasi Manzese, wanashuka Morocco, wanatafuta daladala ya kwenda hospitali ya CCBRT kule Msasani kwa ajili ya mazoezi. Miguu ya mtoto inaburuza magotini kwa mama, maana kashakuwa mrefu. Watu wanamsukuma mlangoni, wengine wanamwambia "si umshushe atembee". Siku isiyo ya kliniki anakaa naye ndani, hata kwenda sokoni anaomba jirani amwangalizie. Sasa asubuhi anamwacha kituoni, mazoezi anafanyiwa palepale, yeye anakaanga vitumbua. Bibi anasema pia kijiwe kipunguze muziki usiku.

Mangi wa Kona: Shikamoo Bibi. Ni huyu anayechukua mchele kilo tatu na mafuta nusu lita kila jioni?

Bibi wa Mwembeni: Marahaba. Huyo huyo.

Mangi wa Kona: Huyo halipi kesho, analipa palepale.

Mama Nuru: Kituo kikifunga jiko, watoto watarudi nyumbani saa tano na njaa, na mama zao watarudi nao ndani. Piga hesabu ni wateja wangapi hao, siyo kwako tu.

Mangi wa Kona: Sukari kilo mbili, andika. Unga nitaona ukishapasuka, siupasui makusudi 😄

Kaka wa Kijiwe: Na sisi kijiweni tumeongea. Watoto wanaokaa mbali tutawabeba bure Jumanne na Alhamisi.

Mama Nuru: Kwa bodaboda? Mtoto asiyeweza kujishika?! Hapana baba. Mna bajaji mbili pale, hizo ndizo ninazotaka, na mama anakaa nyuma na mwanae.

Kaka wa Kijiwe: Poa, bajaji basi. Mafuta tutachangiana. Na muziki Bibi tumesikia.

Mama Baa: Mimi nipo nasoma tu. Nataka kutoa ila naogopa hela yangu itarudishwa, na Ustaadhi yumo humu.

Ustaadhi: 😊 Dada, una kisima pale kwako. Maji yake hayana kilevi.

Mama Baa: Hahaa! Basi maji ni yangu. Wajaze simtanki mara mbili kwa wiki, mpira wa kuvutia ninao.

Mama Nuru: Mungu akubariki. Unajua kufua mashuka ya watoto wale kunakula ndoo ngapi. Imebaki pampasi, na hapo ndipo pagumu. Wakubwa hawavai za dukani kwa Mangi, tunafuata Kariakoo kwa bei ya jumla. Hiyo lazima iwe hela taslimu. Buku buku kila mwezi kwa kila nyumba, mwenye nacho zaidi aongeze.

Dada wa Saluni: Nitawaambia wateja. Mtu akishaweka kichwa kwenye draya hana pa kukimbilia 😂

Baba Zawadi Hadiwea: Risiti ya kwanza ikibandikwa na mimi natuma.

Mama Nuru: Baba Zawadi, hela ya kwanza isipotoka, hiyo risiti ya kwanza itatoka wapi?

Baba Zawadi Hadiwea: ...

Baba Zawadi Hadiwea: Haya. Msimbazi mmoja. Leteni lipa namba, na jina nalisoma kwanza.