Mjadala: Sanamu ya mtu aliyepiga magoti kanisani, ni ibada au ni utumwa?

Mleta mada, Masasi: Wadau, kanisani kwetu tunataka kuchongesha mpingo wa kumbukumbu ya watumwa waliokombolewa, wale Askofu Steere wa Kianglikana aliowaleta Masasi kutoka Unguja mwaka 1876, wakipitia Lindi. Mchoro ulioletwa: askofu kasimama na joho lake, Mwafrika kapiga magoti miguuni pake, kajifunga kitambaa kiunoni. Nimeupinga. Mwaka uleule, 1876, Washington, Marekani, walizindua sanamu ya Rais Lincoln kasimama na mtumwa aliyeachwa huru kapiga goti. Nakala yake ya Boston imeondolewa Desemba 2020. Leo ndiyo sisi tuianze?

Ndanda: Unakuza mambo, kaka. Wafilipi 2:10, kila goti lipigwe. Nicolas Rolin, kansela (waziri mkuu) wa utawala wa Burgundy huko Ulaya, tajiri wa kutupwa, alichorwa na mchoraji Jan van Eyck mnamo 1435 kapiga magoti mbele ya Bikira Maria. Nani alimwita mtumwa?

Mleta mada: Itazame tena picha hiyo. Rolin kavaa joho la manyoya, kitabu kiko wazi mbele yake, na uso wake uko usawa na wa Maria. Kapiga magoti na heshima yake yote. Wetu kapewa kitambaa. Halafu goti si lazima kihivyo: Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, kanuni ya 20, ulitaka watu wasali wamesimama siku ya Jumapili. Hata kwenye makatakombe ya Roma, yale mahandaki ya makaburi ya Wakristo wa kwanza, waombaji wamechorwa wima, mikono juu.

Lindi mjini: Mie Mwislamu, msikitini hatuweki sanamu, kwa hiyo kura sina. Ila nikisujudu, mbele yangu pana ukuta tu. Nyie mkishamsimamisha mtu mbele ya goti, mtoto atajuaje kwamba linapigwa kwa Mungu?

Newala: Hapo shehe kamaliza. Mie nachonga. Gogo la mpingo jembamba, ndiyo maana wachoraji hupenda mmoja juu mmoja chini, panatosha. Lakini mtindo wa ujamaa tunauchonga kila siku: watu wamebebana, wameshikana toka chini mpaka juu. Mwingizeni na askofu humohumo, naye abebwe, naye abebe.

Ndanda: Askofu abebe mtu? Wazee watakubali?

Mleta mada: Wazee niachie mimi. Fundi, gogo la kimo cha mtu linapatikana, au tuunganishe mawili? Kikao ni Jumamosi, nataka niende na bei.