Mdogo wangu yuko Leeds, kila Septemba ikiisha anabadilika

Mama Shadia, Bombo

Asalaam alaikum, na habari zenu nyote. Mimi nauza vitenge hapa Bombo, Uganda. Mdogo wangu wa kiume yuko Leeds, Uingereza, kwenye ghala la vifurushi. Anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa nane mchana. Kuanzia Mei hadi Agosti ni mtu mzima kabisa: anachoma nyama nje na wenzake, anatutumia picha saa tatu usiku na jua bado liko. Septemba ikiisha sauti inabadilika. "Ndiyo." "Hapana." Halafu anasema anaenda kulala. Siku ya mapumziko analala mpaka adhuhuri na akiamka bado ana usingizi. Usiku anakula mikate na chipsi, na mwili unaongezeka. Mwaka jana tulidhani ni mambo ya mwanamke. Ilipofika Aprili akawa yeye tena. Sasa imeanza upya.

Hapa nyumbani kila mtu ana dawa yake. Shangazi anasema ni jini, asomewe. Shemeji anasema anadeka, mtu anashika pauni analia nini? Mimi nauliza, jini gani huyo anayefuata kalenda? Nyinyi mliokaa huko, hii ni nini? Na mimi niliye huku nifanye nini zaidi ya kumwambia avae sweta?

Boda wa Busia

Mama, mwambie arudi tu. Novemba senene wanashuka Masaka, sahani moja ya kukaanga na amepona.

Nimerudi Jinja

Walaikum salaam, Mama Shadia. Huyo wa senene msamehe, ingawa Novemba ndiyo mwezi nilioikumbuka Uganda kuliko yote.

Nilikaa Sheffield, si mbali na huyo mdogo wako. Watu wetu tunaogopa baridi, tunabeba makoti. Baridi utaizoea. Kinachokumaliza ni giza, nalo linaingia kabla ya baridi yenyewe. Sisi ikweta inatupitia hapo Kayabwe, barabara ya Masaka. Jua letu linatoka karibu saa moja na kuzama karibu saa moja, Januari mpaka Desemba. Leeds mchana wa Juni una takriban saa 17. Wa Desemba ni saa saba na nusu. Na Septemba hii mchana unapungua karibu nusu saa kila wiki. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na jioni inakuja mapema zaidi. Desemba saa kumi kasoro jua limeshazama.

Kwa hiyo anaingia ghalani gizani, anashinda chini ya taa. Akitoka saa nane, mwanga wa siku nzima aliobakiwa nao ni huo, na yeye anaupeleka kitandani! Asilale. Atembee nje, hata kukiwa na mawingu, maana mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unazishinda taa za ndani kwa mbali. Hapo ndipo kazi yako ilipo: mpigie akitoka kazini. Kwa sasa saa nane yake ni saa kumi jioni yetu. Oktoba ikiisha itakuwa saa kumi na moja. Ukisikia ameketi, kata simu. Mwambie akuonyeshe miti, majani yanavyogeuka mekundu na ya njano. Kusema kweli ni mazuri, ila mtu hayaoni akiwa chini ya blanketi.

Na jamani msimuulize "unakosa nini huko?" Swali hilo lilinifanya niwe nazima simu.

Muuguzi, Mbarara

Hospitalini hali hii inajulikana: ni sonona ya msimu, yaani ugonjwa wa huzuni unaorudi kila msimu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake waliielezea kitaalamu huko Marekani. Rosenthal ni daktari wa akili aliyetoka Johannesburg, na alipohamia kule aliona mwili wake mwenyewe unalegea majira ya baridi. Usingizi mwingi na tamaa ya vyakula vya wanga ndizo dalili zake hasa, na kujirudia misimu miwili mfululizo kunanifanya nimwambie amwone daktari aliyejiandikisha kwake. Kuna tiba ya mazungumzo, kuna dawa, na kuna taa maalum ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), kama nusu saa asubuhi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, aulize daktari kwanza.

Vitamini D pia: Uingereza wenye ngozi nyeusi wanashauriwa mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa, asiitegemee imwondolee huzuni.

Akianza kusema haoni haja ya kuishi, msingoje Aprili. Apige 999 siku hiyo hiyo.

Mama Shadia, Bombo

Nimempigia leo saa kumi. Alinuna, akasema mvua, nikamwambia hata Bombo inanyesha. Akatoka. Tumezungumza mpaka vocha ikaisha. Shangazi bado anataka kumtumia maji ya kusomewa. Sikumkatalia, mradi ayanywe akitembea.

Muuguzi, hiyo taa ataiwasha vipi? Wanalala wawili chumba kimoja.

Muuguzi, Mbarara

Aiwashe jikoni akinywa chai kabla ya kazi, iwe mbele yake lakini asiikodolee macho. Jioni asiiguse, itamnyima usingizi.