Naomba ushauri: makato ya bima ya afya kwa watumishi wa serikali za mitaa

Wakuu, nimo kwenye kamati inayopanga makato ya bima ya afya kwa watumishi wa halmashauri. Kiwango kimoja kwa wote kinamuumiza mfagizi. Kiasi ambacho mkurugenzi hata hakioni kwenye hati ya mshahara, kwake ni pengo la mwezi mzima. Tukitumia asilimia, wenye vyeo wanalalamika kulipa zaidi kwa matibabu yaleyale (na ndio wenye sauti vikaoni). Tukiweka ukomo wa juu wanatulia, ila mzigo unarudi kwa wa chini. Mimi naegemea asilimia, mwajiri abebe angalau nusu. Waliopitia hili, mlikata kwenye mshahara wa msingi tu au pamoja na posho? Na asiye na wategemezi mlimfanyaje?