E-Class, 5 Series, S90 au A6: zote nyota tano, sasa tofauti iko wapi?

Mpanda_Ngazi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Natafuta sedani kubwa ya kifahari iliyokwishatumika, na kwangu usalama unatangulia ngozi ya viti na spika. Nimepekua matokeo ya Euro NCAP (shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari mapya na kuyapa nyota) mpaka macho yanauma. Nimebakiwa na nne, zote nyota tano. Mpangilio, kwa asilimia, ni ulinzi wa: watu wazima / watoto / watembea kwa miguu / vifaa vya kumsaidia dereva.

Mercedes E-Class (2016): 95 / 90 / 77 / 62
BMW 5 Series (2017): 91 / 85 / 81 / 59
Volvo S90 (2017): 95 / 80 / 76 / 93
Audi A6 (2018): 93 / 85 / 81 / 76

Kwa nyota hakuna mshindi. Kwa asilimia, moja inaongoza hapa nyingine pale. Kilichonichanganya zaidi ni E-Class mpya iliyopimwa 2024: watu wazima 92%, chini ya ile ya 2016! Inakuwaje gari jipya lilinde watu kidogo kuliko la zamani? Naendesha mwenyewe, mke wangu anakaa mbele, watoto wawili nyuma.

Kamanda_wa_Lami

Unajitesa bure, mkuu. Nyota tano ni nyota tano. Chukua la Kijerumani lolote hapo, chuma kizito, maisha yaendelee.

FundiBodi

Kamanda, ngoja kwanza tumjibu swali lake.

Mpanda_Ngazi, ile 95 na hii 92 hazikutoka kwenye mtihani mmoja. Mpaka 2019, jaribio la mbele la Euro NCAP lilikuwa hivi: gari linakwenda 64 km/h na kugonga kizuizi kilichosimama, chenye uso unaobonyea, kwa 40% ya upana wa gari. Mwaka 2020 wakalitupa. Siku hizi gari linakwenda 50 km/h, na toroli ya kilo 1,400 nayo inalijia kwa 50 km/h, wanakutana nusu kwa nusu. Sanamu inayokalishwa mahali pa dereva kupima majeraha nayo ni mpya, inaitwa THOR, kifua chake kina sensa nyingi zaidi na kinaonyesha majeraha ambayo sanamu ya zamani isingeyaonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Uso wa ile toroli unaigiza pua ya gari la mtu mwingine. Wakishagonga, wanaupima jinsi ulivyobonyea. Kama umebonyea kwa usawa, vizuri. Kama gari lako limeuchoma shimo mahali pamoja, unakatwa alama, hadi 8, kwa sababu shimo lile kwenye ajali ya kweli lingekuwa limeingia kwa mwenzako. Sedani nzito yenye pua ngumu hapo inabanwa hasa. Zamani hakuna aliyeiuliza inamfanya nini wa upande wa pili.

Kwa hiyo 92 ya 2024 ni ya kuheshimiwa sana. Euro NCAP wenyewe waliitaja E-Class hiyo kuwa gari lililofanya vizuri kuliko yote waliyopima mwaka ule. Hizo nne zako ni za 2016 hadi 2018, zote kabla ya mabadiliko hayo makubwa, unaweza kuzipanga pamoja bila kudanganyika sana. Usilete ya 2024 kwenye foleni hiyo.

Mama_Gia

Nami namjibu Kamanda na hilo la "Kijerumani lolote".

Agosti 2012, IIHS (taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima) ilianzisha jaribio la robo: gari linagonga kizuizi kigumu kwa 64 km/h, lakini ni 25% tu ya upana upande wa dereva inayogusa. Ni kama kugonga mti au nguzo kwa kona ya bampa. Wakaanza na sedani za kifahari za ukubwa wa kati 11, makusudi kabisa, maana hizo ndizo hupata teknolojia mpya kwanza.

Matokeo: Acura TL na Volvo S60 zikapata "Nzuri". Infiniti G ikapata "Inakubalika". BMW 3 Series, Volkswagen CC, Acura TSX na Lincoln MKZ zikaangukia "Hafifu". Mercedes C-Class, Audi A4, Lexus IS na Lexus ES: "Mbaya". Na magari hayo yalikuwa yamezoea kubeba tuzo kwenye majaribio ya kawaida.

Tatizo ni mahali nguvu inapopita. Mbele ya gari kuna vyuma viwili virefu vilivyotengenezwa vikunjike na kumeza kishindo. Ukigonga kwa robo, kizuizi kinapita nje ya chuma hicho, kinakwenda moja kwa moja kwenye tairi, na tairi linasukumwa nyuma kuelekea miguu ya dereva. Kwenye C-Class ile, mguu wa kulia wa sanamu ulinaswa chini ya pedeli ya breki. Kwenye Volkswagen CC mlango wa dereva ulikatika kwenye bawaba ukang'oka. Volvo walikuwa wakifanya jaribio la aina hiyo wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla ya kulazimishwa na mtu, ndiyo maana kebini ya S60 ilibaki karibu kama ilivyokuwa.

Ndugu yangu Kamanda, uzito wa chuma haukuwasaidia kitu pale.

Kamanda_wa_Lami

Sawa dada, nimekusikia, lakini hayo ni ya 2012. Walisharekebisha. Na uzito si maneno ya mtaani, ni fizikia. Kubwa na dogo yakikutana, dogo ndilo linaloumia.

Nyundo_Saba

Hapo Kamanda yuko sawa, na ushahidi upo. 2009 IIHS waligonganisha Mercedes C-Class na Smart Fortwo uso kwa uso. Smart peke yake mbele ya kizuizi ilikuwa na daraja "Nzuri". Ilipokutana na C-Class iliruka juu na kuzunguka nyuzi 450, mzunguko mzima na robo, na daraja lake kwenye ajali ile likawa "Mbaya". Gari lile lile, mtengenezaji yule yule, nyota za mezani hazikuwa na la kusema.

Ndiyo sababu NHTSA, mamlaka ya Marekani, wanasema wazi kwamba nyota zao za kugonga mbele zilinganishwe kwa magari ambayo uzito wake haupishani zaidi ya kilo 113 hivi. Wao wanagongesha gari zima kwenye ukuta kwa 56 km/h, maana yake gari linapambana na uzito wake lenyewe. Nyota tano za kigari kidogo na nyota tano za sedani ya tani mbili si kitu kimoja. Nyota za ubavuni ndizo unaweza kulinganisha kwa magari yote.

Lakini Kamanda, hilo halikusaidii kuchagua kati ya hizi nne. Zote ni kundi moja la ukubwa.

Abiria_wa_Nyuma

Mtu kasema ana watoto wawili nyuma na hakuna aliyegusa kiti cha nyuma. Jamani!

Kwa miaka mingi mikanda ya mbele ndiyo iliyoboreshwa: inajikaza papo hapo gari linapogonga, kisha inalegea kidogo kwa kipimo ili isivunje mbavu. Nyuma, magari mengi yakabaki na mkanda wa kawaida. IIHS ililiona hilo, na mwaka 2022 ikaweka sanamu nyuma ya dereva kwenye jaribio lake la mbele, umbo la mwanamke mdogo au mtoto wa miaka 12. Sedani hizi za kifahari ndizo ambazo mwenye gari mara nyingi anakaa nyuma, halafu nyuma ndiko kulikosahauliwa!

Mpanda_Ngazi, safu yako ya pili ndiyo ya kutazama. E-Class 90, S90 80. Tangu 2016 Euro NCAP hutumia sanamu za watoto wa miaka 6 na 10 kwenye kiti cha nyuma, na alama nyingine hutoka kwenye jinsi viti vya watoto vinavyofungika na vifaa vilivyopo. Kwa hiyo pointi 10 si lazima ziwe zote za kuumia. Fungua ripoti yenyewe, kuna picha ya sanamu iliyopakwa rangi: kijani, njano, chungwa, kahawia, nyekundu. Tazama shingo na kifua. Ukishaona rangi, asilimia utaisahau.

Msoma_Lebo

Nami niongeze kuhusu safu ya nne, ile ya 59 na 93, maana inatisha watu bure. Haipimi chuma hata kidogo. Inapima kengele ya mkanda, kifaa cha kudhibiti mwendo, msaada wa kubaki kwenye mstari na breki inayojikanyaga yenyewe. Tena inatazama zaidi kile ambacho kila gari la aina hiyo linakuja nacho. Kifaa kinachouzwa kama nyongeza mara nyingi hakiingii kwenye hesabu.

Maana yake kwa mnunuzi wa gari lililotumika: 5 Series fulani inaweza kuwa na vifaa vingi kuliko alama yake, ikiwa mwenye gari wa kwanza alivilipia. Gari moja moja lina hadithi yake. Kaa kwenye kiti, washa, ingia kwenye menyu uone kilichomo.

Na taa! Hakuna safu ya taa kwenye jedwali lako. 2016 IIHS walipima taa za magari ya ukubwa wa kati, na za mwisho kabisa zilikuwa za halojeni za BMW 3 Series. Dereva wake angepaswa kwenda 56 km/h au chini ili awahi kusimama kabla ya kugonga kitu kilicho gizani. Gari la kifahari hilo.

Mpanda_Ngazi

Hapa nimepata darasa. Swali dogo: kuna anayenishawishi niende Tesla Model S badala ya hizi, anasema ilipata nyota "zaidi ya tano".

Nyundo_Saba

Hizo ni za 2013. Kampuni ilitangaza hesabu yake yenyewe ya 5.4, na NHTSA wakatoa taarifa kwamba hawatoi chochote kinachozidi 5. Yakaisha.

Mama_Gia

Model S ni gari zuri, tusilionee. 2022 Euro NCAP: 94 / 91 / 85 / 98. Lakini Julai 2017 IIHS walipima sedani kubwa sita kwa lile jaribio la robo. E-Class, Lincoln Continental na Toyota Avalon zikaondoka na tuzo ya juu. Model S ikaishia "Inakubalika" pamoja na Chevrolet Impala na Ford Taurus. Mkanda uliachia kifua kikaenda mbele mno, kichwa cha sanamu kikaubonyeza mfuko wa hewa mpaka kikagonga usukani kwa nguvu. Kwa hiyo ukitafuta Model S, uliza ni ya mwaka gani kwanza.

Kamanda_wa_Lami

Mbona basi hamzungumzii mabwana wakubwa, S-Class na 7 Series? Hapo ndipo usalama ulipozaliwa.

FundiBodi

Kamanda, hayo yanauzwa machache na ni ghali, na IIHS huchagua zaidi magari yanayouzwa kwa wingi, kwa hiyo hutayakuta na madaraja yao kamili. Euro NCAP walipima EQS, Mercedes kubwa ya umeme, mwaka 2021, ikapata nyota tano. Kukosa nyota si kufeli, lakini pia si ushahidi wa kupita. Historia haina ubishi: mfuko wa hewa wa dereva kwenye S-Class ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ya sasa inaweza kuagizwa na mfuko wa hewa wa mbele kwa abiria wa nyuma. Ila huyu bwana anachagua kati ya nne.

Mpanda_Ngazi

Nimepunguza. A6 haina kosa ila haijanivuta, 5 Series nimeiacha kwa sababu zote ninazozipata hazina vifaa. Nimebaki na E-Class na S90. Kwa watoto nyuma naegemea E-Class, tena kwa lile jaribio la robo imesimama. Mke wangu anataka S90 kwa ajili ya breki ya kujikanyaga na ile 93. Mwendo wetu wa kawaida ni barabara kuu, 100 na kuendelea.

Nyundo_Saba

Kwenye 100 na kuendelea, kumbuka majaribio yote haya yanaishia 64. Kutoka 64 kwenda 80 tu, nishati ya kishindo inaongezeka 56%. Hakuna kati ya hizo mbili iliyopimwa kwa mwendo wenu. Kwa mantiki hiyo nampa shemeji haki: gari linalopunguza mwendo kabla ya kugonga linakurudisha karibu na mwendo ambao chuma kilipimwa nao. Lakini tafuta E-Class yenye vifaa hivyo hivyo, zipo nyingi, ugomvi wa nyumbani uishe.

FundiBodi

Yoyote utakayoichukua, alama zote hizi ni za gari lililotoka kiwandani zima. Kwa lililotumika fanya haya kabla ya kutoa hela. Washa swichi, taa ya mfuko wa hewa iwake kisha izime yenyewe. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayogoma kuzima, maana kuna watu huikata ili isikuonye. Vuta mkanda wa kila kiti mpaka mwisho, soma lebo ya mwaka iliyoshonwa chini: mkanda mmoja wenye mwaka tofauti na mingine, uliza kwa nini ulibadilishwa. Fungua boneti, tazama vile vyuma viwili vya mbele kama vina alama za kulehemu au rangi iliyopigwa upya. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hakikunjiki tena pale mtengenezaji alipotaka.

Na namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna wito wa kurudisha gari ambao haujafanyiwa kazi. Ile mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kilipuzi chake kiliharibika kwa joto na unyevu kikawa kinarusha vipande vya chuma, iligusa hata BMW, Mercedes na Audi za zamani. Ukipata namba ya hilo unalolitaka, iweke hapa ukificha tarakimu za mwisho, nitakuonyesha jinsi ya kuisoma.