Mama anabadilishwa goti baada ya siku 23, naombeni ushauri

Binti_Iganga
Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 69, anaishi Iganga, mimi niko Kampala. Magoti yamemwisha. Eksirei ya goti la kulia inaonyesha mfupa umekaa juu ya mfupa upande wa ndani, na mguu umeanza kupinda nje. Tarehe ya kuwekewa goti bandia imepatikana, nusu ya pesa tumelipa. Zimebaki siku 23 na mimi usingizi sipati. Tuandae nini nyumbani? Na je, afanyiwe yote mawili kwa mpigo tumalize? Sukari hana, presha anayo na anameza dawa. Nisaidieni wakubwa.

Seremala_Jinja
Pole dada. Mimi naanza na choo, maana watu hukumbuka kitanda wakasahau choo. Kama ni cha shimo, mama hataweza kuchuchumaa. Tengenezeni kiti cha mbao chenye tundu na mikono miwili ya kushikia, kikae juu ya shimo. Kipimo: mama asimame, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la nyuma ya goti, ongeza sentimita 5 hadi 8. Kwa wanawake wengi hutoka kati ya 45 na 50. Kikiwa kifupi, goti litakunjwa kupita uwezo wake na atajivuta kwa mikono mpaka kiti kipinduke. Miguu ya kiti itanuke kidogo kwa chini kuliko juu, na kila mguu uvalishwe kipande cha mpira wa tairi, kwa sababu sakafu ya choo haikauki. Tundu liwe la mviringo, lipigwe msasa mpaka usisikie hata kibanzi kimoja. Kiti cha plastiki kilichokatwa katikati msitumie. Kikishakatwa hupasuka kuanzia pembe za tundu, na hupasuka mtu akiwa amekalia.

Mzee_wa_Bombo
Binti yangu, umeandika tarehe, pesa na picha. Neno la mama halimo. Mzazi si mzigo wa kupakia garini. Yeye anasemaje?

Nesi_wa_Wodi
Magoti mawili kwa mpigo, kwa miaka hiyo na presha juu, usikimbilie. Moyo hubeba kazi kubwa, damu hupotea zaidi, na hatakuwa na mguu mmoja wa kuegemea wakati mwingine unauma. Goti moja kwanza, la pili baada ya miezi kadhaa likihitajika.

Sasa mambo ya wiki hizi tatu. Meno yakaguliwe, jino bovu litolewe mapema, kwa sababu wadudu wa mdomoni husafiri kwa damu wakajishikiza kwenye chuma cha goti bandia. Mkojo upimwe akisikia kuwashwa. Mwangalieni nyayo na katikati ya vidole: kidonda kidogo au ukungu wa miguu unatosha kuahirisha kila kitu. Wingi wa damu upimwe leo, si siku ya mwisho, ili kama ni kidogo apate muda wa kumeza vidonge vya madini ya chuma. Msimnyoe nywele za mguu nyumbani, wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana. Dawa za presha mpelekee daktari wa ganzi kwa majina yake, kwani nyingine humezwa asubuhi ileile kwa funda la maji na nyingine husimamishwa saa 24 kabla. Chakula chochote mwisho saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu saa 2, ila fuateni watakavyowaambia hapo.

Nina maswali mawili. Amewahi kuchomwa sindano ndani ya goti, na ya mwisho ilikuwa lini? Na kama alivyouliza mzee hapo juu, mama mwenyewe anasemaje?

Binti_Iganga
Asanteni sana. Kiti nitaagiza. Mama ni mtu wa hofu, usiku goti la kushoto likimshika analia mpaka majirani wanasikia. Sisi watoto tumeshakubaliana. Niambieni kuhusu mazoezi.

Viungo_Imara
Mazoezi yaanze kabla ya kisu. Msuli wa mbele wa paja ndio unaonyoosha goti, na kwa mtu aliyekwepa maumivu miaka mingi huwa umeshalegea. Alale chali, aweke kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, alibonyeze chini mpaka paja likaze, ahesabu hadi 5, aachie. Mara 10, vipindi vitatu kwa siku. Ajizoeze pia kuinuka kitini kwa kusukuma mikono, na kutembelea fremu: fremu mbele, mguu mbovu, kisha mguu mzuri. Kwenye ngazi, kupanda atangulize mguu mzuri, kushuka atangulize uliopasuliwa. Gauni refu la gomesi liwekwe kando kwa muda, pindo lake hunasa kwenye miguu ya fremu. Mikeka nayo iondolewe njiani.

Baada ya upasuaji atasimamishwa siku ileile au kesho yake. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu wanaambiwa wapumzike na ndugu wenye huruma. Mto chini ya goti ni marufuku hata kama unamliwaza. Goti litagandia likiwa limekunjwa na atachechemea maisha yake yote. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie na kunyooka lenyewe. Dawa ya maumivu anywe nusu saa hivi kabla ya mazoezi, asingoje maumivu yapande. Barafu dakika 15 hadi 20, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Mkilenga nyuzi 90 za kukunja katika wiki za mwanzo mmeenda vizuri. Wiki 6 za mwanzo ni za thamani kubwa, kovu la ndani likishakomaa ni kazi kulilegeza.

Haya yote yanafanywa na mgonjwa, hakuna wa kumfanyia. Kwa hiyo nauliza kwa mara ya tatu: mama anajua anakwenda kufanyiwa nini?

Binti_Iganga
Sawa. Hajui. Tumemwambia anakuja Kampala kuchomwa sindano kubwa kuliko alizozoea. Tuko watoto wanne, tumekaa tukaamua hivyo kwa upendo. Kuna jirani alikatwa mguu kwa kidonda cha sukari, na mama anaamini kubadilishwa goti ni kitu hichohicho. Akisikia upasuaji hapandi gari. Kaka mkubwa atasaini. Akiamka na maumivu yameisha atatushukuru. Msinihukumu, hamjamsikia anavyolia.

Msomaji_Mbale
Hii imetungwa. Hakuna daktari wa mifupa anayepasua goti la mtu mzima mwenye akili timamu kwa sahihi ya kijana wake. Mara goti la kulia, mara la kushoto. Watu wanatoa muda wao hapa, unawachezea.

Binti_Iganga
Sijatunga. Yote mawili yanauma, la kulia ndilo la kwanza kupasuliwa. Kuhusu sahihi, ndicho kinachoninyima usingizi. Karatasi wamesema itasainiwa asubuhi ileile wodini.

Nesi_wa_Wodi
Msomaji, hata kama imetungwa, yupo mtu anayesoma akiwa na mama wa namna hiyo nyumbani. Tuendelee.

Binti, nikueleze asubuhi hiyo ilivyo. Daktari atakuja na kalamu ya wino mzito, amuulize mama jina lake, amekuja kufanyiwa nini na mguu upi, kisha achore alama kwenye mguu huo. Maswali hayo huulizwa mgonjwa mwenyewe makusudi, ili goti lisikosewe. Atakuwa macho. Na mara nyingi ganzi ni ya mgongo, kiuno kwenda chini tu, kwa hiyo anaweza kusikia sauti za nyundo na msumeno. Mtu aliyeambiwa ni sindano akisikia hayo atawaza nini? Akikataa wodini, tarehe na imani yake kwenu vinaondoka siku moja.

Na umesema sindano alizozoea. Ya mwisho lini?

Binti_Iganga
Wiki ya tano sasa. Ilikuwa kliniki ya mtaani, sijui dawa gani, ilimtuliza siku kumi.

Nesi_wa_Wodi
Basi tarehe haifai, mama akubali asikubali. Ikiwa ni dawa ya jamii ya stiroidi, na sindano nyingi za goti ndizo hizo, madaktari husubiri miezi 3, kwa sababu kupasua mapema huongeza hatari ya usaha ndani ya goti. Usaha ukishika chuma, vidonge peke yake havitoshi. Anarudishwa kuoshwa ndani, na pengine goti jipya hutolewa na kuwekwa jingine. Piga simu kesho, taja sindano, omba tarehe isogezwe. Wiki hizo ndizo za kuzungumza na mama.

Binti_Iganga
Na pesa tuliyolipa? Na kaka zangu wameshaomba ruhusa kazini.

Mzee_wa_Bombo
Pesa iulizie, ruhusa itaombwa tena. Mama ni mmoja. Nenda Iganga wewe mwenyewe, ukae naye chini, usipige simu.

Viungo_Imara
Ukifika, usianze na neno kisu. Mwambie mguu ni wake na unabaki wake. Ncha ya mfupa wa paja na ncha ya muundi hukwanguliwa, kwa kawaida karibu sentimita moja, pale palipolika. Juu huvalishwa chuma chenye uso laini, chini bamba la chuma, na katikati kipande cha plastiki ngumu kinachoteleza badala ya gegedu, ule utando laini wa ncha za mifupa. Ni kama mchi uliolika ncha ukavalishwa bati: mti ni uleule. Mwambie na ubaya wake. Maumivu ya wiki za mwanzo ni makali, joto na uvimbe huchukua miezi, na wapo wasioridhika. Akiuliza hudumu muda gani, wengi hupita miaka 20. Msiwahi kumrudisha Iganga kabla mshono haujakaguliwa, kama siku 14. Njiani simameni kila saa, pale Namawojjolo, soko la kando ya barabara, ashuke atembee kidogo, damu isigande mguuni. Shavu la mguu, nyuma chini ya goti, likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali hapohapo.

Binti_Iganga
Nimerudi. Tarehe imesogezwa wiki 8 na pesa haikupotea. Nilikaa naye jana jikoni akimenya matoke. Alinyamaza mpaka akamaliza kikapu, akauliza jambo moja: ataweza kupiga magoti kuwasalimu wakubwa, na kusujudu?

Viungo_Imara
Kidonda kikipona, baada ya miezi kadhaa, wengine huweza juu ya mto mnene huku wakishika kiti. Wengi husikia ganzi upande wa nje wa goti kwa sababu mishipa midogo ya ngozi imekatwa, hivyo hawapendi. Chuma hakivunjiki kwa kupiga magoti. Ila asiahidiwe. Kwa swala apange kutumia kiti.

Binti_Iganga
Nimemwambia hivyo hivyo. Amesema kiti cha choo kwanza akione, na kipimwe kwake, si kwa dada yangu. Fundi anakuja kesho.

Seremala_Jinja
Apimwe akiwa amevaa viatu atakavyotumia, vilivyofunga kisigino. Malapa hapana.