Fundi wa mabango Malindi kaniharibia herufi, na pesa yangu hataki kurudisha!

Wakuu, nimefura. Nusu ya pesa nilitoa mbele, bango limeletwa, na kilichochapwa pale hata watoto wa mtaani wanauliza kimeandikwa nini.

Nina chumba cha gemu huku Kisumu Ndogo. Gemu za zamani, zile za kubonyeza vitufe mpaka kidole gumba kinaota sugu. Nikataka bango lenye herufi za enzi hizo: nene, za miraba miraba, kama zile za Pac-Man ya 1980. Fonti, yaani mtindo wa herufi, nikaichagua mwenyewe, Press Start 2P, iliyotokana na herufi za mashine za gemu za Namco, kampuni iliyotengeneza Pac-Man. Maneno mawili tu: CHEZA HAPA.

Sasa nisikilizeni, maana ujinga ulianzia hapa. Kila herufi ya fonti hii inakaa ndani ya miraba 8 kwa 8, zote upana mmoja, I inapewa nafasi sawasawa na M. CHEZA HAPA, ukihesabu na nafasi ya katikati, ni vyumba 10. Kwa hiyo miraba 80 kwenda upande, 8 kwenda juu. Bango langu ni mita 2.4. Kila mraba sentimita 3, kimo cha maandishi sentimita 24, hesabu inaingia kamili bila kubakisha kitu. Kipimo kile nilikichagua makusudi, na nilimwandikia yote haya.

Bwana mkubwa akaona juu na chini pako wazi, akayashika maandishi akayavuta mpaka sentimita 60! Mraba wa 3 kwa 3 umekuwa mstatili wa 3 kwa 7.5. Na si urefu tu ulioharibika. Katika herufi hizi nguzo za wima zina unene wa miraba miwili, mistari ya kulala mraba mmoja, ndiyo maana zina ule ubavu wake. Baada ya kuvutwa, mstari wa kulala umefika sentimita 7.5 na nguzo imebaki 6. Kilichokuwa chembamba ndicho kinene sasa! Nimepewa ua wa makuti, sio maandishi. Kumuuliza, ananijibu, "Bosi, pangebaki patupu, haipendezi." Patupu ni pangu! Nimepalipia!

Halafu ukungu. Nilimpa PDF, herufi zikiwa maumbo ya kuchorwa, si picha, unaweza kuzikuza zikajaa ukuta mzima na kingo zikabaki kali vilevile. Yeye akaifungua kwenye simu, akapiga picha ya skrini, akaichukua picha hiyo akaikuza. Programu ikifanya kazi yake ya kawaida inalainisha kingo, inatia vijirangi vya katikati kati ya nyeusi na manjano. Kwa picha ya harusi sawa, inapendeza. Kwa herufi ambayo uzuri wake wote ni kona kali, umeiua. Hata kama ungelazimika kukuza picha, ndugu yangu, kuna chaguo la kukuza bila kulainisha, na unakuza mara 2, mara 3, mara 4, hukuzi mara moja na kidogo! Na uhifadhi kwa PNG, aina ya faili ya picha isiyopoteza kitu. Aina ile nyingine, JPEG, inamwaga vumbi kandokando ya kila kona, sogea karibu na bango uone.

Namba ya simu na bei nilisema ziwe kwa fonti ya kawaida. Herufi za aina hii ni za maneno makubwa machache, hazikuundwa kwa kubeba maelezo. Ukizipunguza na kuzitia ukungu, 8 inafanana na B, 5 na S, 3 inasomeka 8. Akaziweka zote hizo hizo, "zioane". Dereva wa tuktuk anayepita mbio kwenda Barani atasoma nini? Kuna mtu huko anapigiwa simu aulizwe kama gemu ziko wazi, namwomba radhi kwa niaba ya fundi.

Ningojeni kwanza, kuna la risiti. Imeandikwa "gharama ya fonti". Fonti ipi? Ile niliyomletea mimi kwenye flashi? Press Start 2P iko chini ya leseni ya SIL Open Font License: unaipakua bure, unaitumia hata kwa biashara, na leseni yenyewe inakataza kuiuza fonti peke yake. Amenichaji kitu nilichomletea mwenyewe. (Fulana za vijana wangu nilikuwa nimpe yeye pia. Thubutu.)

Na wale mnaokuja kuniambia fonti ni fonti tu, wateja wanafuata gemu: basi mtundikeni hilo bango dukani kwenu.

NYONGEZA: Amenipigia sasa hivi. Anataka kunipunguzia bei ili nilichukue hivyo hivyo. Sikubali. Nataka pesa yote pamoja na hiyo ya fonti, au achape upya kutoka kwenye PDF bila kugusa kitu. Anayemjua fundi Malindi, Watamu, hata Kilifi, anayeweza kuchapa faili kama alivyopewa, aweke jina la duka hapa chini. Msinijie inbox na "naweza boss", leteni picha ya kazi mliyochapa, karibu karibu, kona zionekane.