Sayanotaipu kwenye fremu: imefanya mawimbi, buluu inapauka pembezoni

mpiga_buluu:
Wakuu, nina sayanotaipu (picha ya buluu inayochapwa kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua) kwenye karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, sm 24 × 30. Kingo zake ni za manyoya, yaani hazikukatwa zikanyooka, na nataka zionekane. Fremu ni sm 40 × 50. Ya kwanza niliibandika pembe zote nne kwa selotepu ya pande mbili, juu ya kadi "isiyo na asidi". Miezi minne ukutani hapa Dar, imefanya mawimbi na pembezoni imepauka. Kosa ni kadi au gundi?

kadi_na_kisu:
Yote mawili. Mawimbi ni ya selotepu: karatasi hunywa unyevu ikatanuka, na ukishaikaba pembe nne haina pa kwenda ila kujikunja.

Kupauka nashuku kadi. Nyingi zinazoandikwa "haina asidi" zimetiwa kalsiamu kaboneti, ambayo ni alkali, na alkali ndiyo adui wa buluu hii. Kwa picha za fedha, zile nyeusi na nyeupe za kawaida, kadi hiyo haina neno. Kwa sayanotaipu tafuta ya pamba isiyotiwa kaboneti. Kabla ya kulaumu, ifungie picha kabatini gizani wiki mbili. Buluu ikirudi, mwanga ndio ulioififisha. Isiporudi, ni kadi.

fundi_dirisha:
Vipimo: kwenye kadi ya mbele kata dirisha, yaani tundu la kuonyesha picha, sm 25 × 31, ibaki nusu sentimita kila upande wa karatasi. Kushoto na kulia zitabaki sm 7.5, juu 9, chini 10. Chini pakilingana na juu, jicho huona picha imeshuka.

Bawaba (vipande vya kushikia picha kwenye kadi ya nyuma) mbili tu, upande wa juu, za karatasi nyembamba ya Kijapani. Usikate kwa mkasi. Pitisha brashi yenye maji, kisha chana, ili kingo za bawaba zisiache alama mbele. Ishike picha milimita 5 tu, kwa nyuma, halafu ikunjwe ifichike. Gundi ni wanga wa ngano, kipimo kimoja kwa maji vinne, upikwe ukikoroga hadi ung'ae, upoe, uchujwe. Paka kidogo sana, kandamiza chini ya karatasi ya kunyonya maji na kipande cha kioo, saa moja. Bawaba lazima iwe dhaifu kuliko picha: fremu ikianguka, ichanike yenyewe.

mpiga_buluu:
Shukrani. Kwani kioo kikigusa picha kuna shida?

kadi_na_kisu:
Kubwa. Unyevu huganda nyuma ya kioo, kisha ukungu. Kadi ya kawaida ina unene wa milimita 1.4 hivi, haitoshi kwa karatasi inayojikunja. Weka vijiti vya milimita 5 pembeni, chini ya ukingo wa fremu. Hadibodi ya nyuma isiiguse kadi, ina asidi yake. Na kwa ukuta wa pwani, bandika vipande vya kizibo kwenye pembe mbili za chini, nyuma ya fremu, hewa ipite.

fundi_dirisha:
Ile selotepu usiivute kwa nguvu, itaondoka na ngozi ya karatasi. Pitisha uzi wa meno chini yake taratibu.